Chai ya Mpiga Dawa

Vijana wa kamati ya bwawa, acheni kupekuapekua stoo. Nozo ya pampu iko kwangu. Imo ndani ya mkebe wa majani chai juu ya kabati, na niliichomoa Jumamosi mlipokuwa mnapiga picha na ule mtungi mpya wa dawa, mmeukumbatia kama mtoto aliyetoka kubatizwa. Kidole gumba na cha shahada, robo mzunguko, ikatoka. Siku hizi mikono yangu inatetemeka nikishika kijiko, lakini nozo bado inaijua.

Muthoni, ambaye ni mwenyekiti wenu na mjukuu wangu, alinijia jioni hiyo amekunja uso.

"Guka, umeona nozo?"

"Nozo gani?"

"Ya pampu. Hiyo kichwa ndogo ya shaba, inatoanga dawa ikiwa kama ukungu. Jumatatu tunataka kupiga ziwa yote."

"Yote?"

"Yote, Guka. Hii dawa ni ya kisasa. Wiki mbili magugu imeisha, sikukuu ikifika tuko na mashua. Watu wa Nyeri wanakuja na watoto, wanapiga picha na Mlima hapo nyuma. Tukichelewa, wanaenda kwingine."

Nikamwambia sijaona nozo yoyote. Huo ni uongo, na kabla sijamaliza nitaungama mwingine mkubwa kuliko huo, kwa hivyo msishtuke mapema. Muthoni alitaka niwatumie sauti kwenye grupu ya simu, nikakataa. Sauti yangu imebaki kikohozi, tena nawajua: mngesikiliza mwanzo tu kisha mniwekee kidole gumba. Nimeandika. Someni, halafu tutazungumza habari ya nozo.

Nilikuwa mpiga dawa zaidi ya miaka thelathini. Nimepiga kahawa ya Gakindu, viazi vya Kieni, na kupe wa ng'ombe wa wafanyabiashara wa Nanyuki. Mmoja wao, Mwislamu mpole, alikuwa akinipa tende wakati wa Ramadhani, lakini kwanza ananisimamisha bombani ninawe mara tatu huku anahesabu. Watu walinijua kwa pua kabla ya kunijua kwa sura. Nikiingia hotelini Chaka, benchi lote lilikuwa langu.

Kazi nilifundishwa na mzee mmoja wa Gakindu aliyeitwa Gathogo. Alikuwa mrefu, mkavu, na kofia yake ya sufu hakuivua hata jua likiwaka. Gathogo hakujua kusoma, na sijakutana na mtu aliyejua lebo za dawa kama yeye. Kila asubuhi nilimsomea lebo kwa sauti, kutoka jina la dawa mpaka ile picha ya fuvu na mifupa, mara tatu. Siku moja niliruka sehemu ya glavu kwa sababu glavu hatukuwa nazo, nikaona nitupunguzie aibu.

"Umeruka mahali," akasema.

"Sijaruka, Mzee."

"Jana ulipumua mara mbili kabla ya kufika kwa mifupa. Leo umepumua mara moja. Ati unafikiri mimi ni mti? Rudia."

Nikarudia, kisha nikatumwa kwa miguu mpaka dukani kutafuta glavu.

Mfukoni mwake alibeba majivu ya mekoni, amefunga ndani ya kitambaa. Kabla ya kupiga dawa alichota kidogo, akainua mkono, akaachia. Majivu yakienda kwa mtu, shamba la mtu au ng'ombe wa mtu, tulikaa chini tukangoja. Mara nyingine tulingoja mpaka saa saba, mwenye shamba anatuangalia kwa jicho baya. Gathogo alimjibu kwamba majivu hayana siasa, hayampendi huyu wala kumchukia yule. Nyinyi mna simu inayowaambia upepo wa Nyeri mjini. Hapa bwawani upepo una akili zake. Bebeni majivu.

Sasa niwape kosa langu la kwanza, ili mzoee kunicheka. Mke wa mchungaji aliniomba nimpulizie maua yake dawa ya wadudu kwa sababu Jumamosi kulikuwa na harusi kanisani. Maua yenyewe yalikuwa mazuri ajabu, na mama yule aliyatunza kuliko alivyomtunza mchungaji. Pampu ya wadudu ilikuwa mbali. Nilichukua ile ya magugu, nikaisuuza mara moja kwa maji baridi, nikaenda kupuliza. Jumamosi bibi harusi alipofika, maua yote yalikuwa yamejisokota na kuinamisha vichwa, utadhani yenyewe ndiyo yanayoomba. Mama mchungaji hakunigombeza. Aliniombea Jumapili kwa jina langu lote la ukoo, mbele ya kanisa lililojaa. Gathogo alininunulia mkebe wa rangi nyekundu nikapaka ile pampu, na mpaka leo ya magugu ni nyekundu. Haifanyi kazi nyingine yoyote, hata kama ni kupulizia maji ya kuosha gari la mheshimiwa.

Hayo ni maua. Turudi bwawani.

Hili mnaloliita ziwa kwa sababu ya wageni, sisi tumeliita bwawa tangu wazee walipolichimba kwa majembe. Linanywesha ng'ombe, na bomba lake linashuka kwenye mashamba ya chini. Gugu maji halikuja lenyewe. Kuna mtu alilileta kwenye beseni kutoka safari kwa sababu maua yake ya zambarau yalimpendeza. Namjua, bado anaimba kwaya, kwa hivyo sitamtaja. Miaka miwili baadaye bata angeweza kuvuka bwawa zima bila kulowesha miguu.

Kamati ya wakati huo ikamwita Gathogo, nami nikaja naye. Alilipiga dawa misimu mitatu, na kila mara alifanya vilevile. Aligawa bwawa kwa kamba mafungu matatu, akapiga fungu moja tu. Lile gugu likifa linazama na kuoza, na likioza linawanyima samaki hewa. Kwa hivyo alitoa wafu kwa reki, akangoja, ndipo akaenda fungu la pili. Bomba lilifungwa siku zote zilizoandikwa kwenye lebo. Zikiisha, Gathogo hakufungua. Alipanda maharagwe kwenye mikebe sita, mitatu akanywesha maji ya bwawa, mitatu maji ya mvua. Majani ya mikebe ya bwawa yakijikunja, dawa ingali ndani ya maji. Yakinyooka sawa na ya mvua, basi siku ya chai imefika.

Siku ya chai ilikuwa hivi. Watu walikusanyika ukingoni. Mpiga dawa alichota maji ya bwawa wakimwona, akachemsha chai kwenye mafiga, akanywa kikombe cha kwanza. Cha pili alipewa mtu mwenye shamba la kwanza kwenye bomba, kwa sababu kukiwa na ubaya yeye ndiye wa kwanza kuumia. Ndipo bomba likafunguliwa. Msije mkaniambia nimewafundisha kuonja dawa! Dawa haionjwi, na ulimi haujui lolote. "Kipimo ni maharagwe," Gathogo alisema. "Chai ni kiapo tu. Ukijua utakunywa, hutaharakisha."

Shamba la kwanza kwenye bomba lilikuwa kitalu cha Nyawira. Alikuwa msichana wa umri wangu, maneno machache, macho makali. Alikuza miche ya kabichi na nyanya, na kitalu hicho ndicho kilichomlisha yeye na mama yake aliyekuwa mgonjwa. Nilikuwa nikipita hapo mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

Msimu wa nne Gathogo aliugua, akabaki Gakindu. Bwawa likawa langu peke yangu. Kiangazi kilikuwa kimebana, kamati inataka maji upesi, nami nilitaka Nyawira aone kwamba mimi si wa kubeba kamba za mzee. Nikapiga bwawa lote kwa siku mbili. Nilipiga kwa raha, vijana. Nilipiga nikipiga mluzi.

Gugu likafa vizuri sana. Likazama lote pamoja, maji yakawa meusi, na baada ya siku chache samaki wakaanza kuelea matumbo juu.

"Wamefanywa nini hawa?" mwenyekiti wa wakati huo akaniuliza.

"Ni baridi," nikasema. "Imeshuka kutoka Mlimani."

Akautazama Mlima, akavuta koti, akasema kweli hata yeye jana aliisikia. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na kwa kuwa ulipita bila kuguswa, nikaona nina kipaji.

Nikapanda maharagwe. Siku za lebo zikaisha, na majani ya mikebe ya bwawa yakajikunja pembeni, kidogo tu, kama karatasi iliyokaa karibu na moto. Nilijiambia ni jua. Kisha nikang'oa miche yote mitatu, nikapanda mingine minyoofu kutoka shamba la mama yangu, nikaipanga ukingoni watu waikague. Wakaikagua, wakaisifu. Huo ulikuwa wa pili.

Wa tatu ndio chai. Maharagwe niliweza kuyadanganya, lakini tumbo langu nilishindwa kulidanganya. Asubuhi ya kufungua bomba nilifika mapema na mtungi wa maji ya mvua niliyoteka kwenye tangi la mama. Watu walipokuja walikuta sufuria inachemka. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa na haja ya kumwuliza Gathogo. Nikanywa kikombe cha kwanza kwa kishindo, nikajifuta midomo. Nikampa Nyawira cha pili.

Akanywa polepole. "Leo chai ni tamu," akasema. "Hata haina matope."

"Ni mkono wa mpishi," nikajibu, na watu wakacheka, na bomba likafunguliwa.

Hapo nacheka mpaka leo nikikumbuka nilivyojifutia midomo. Sehemu inayofuata huwa sicheki.

Siku ya tano nilipita kitaluni. Nyawira alikuwa amechuchumaa katikati ya matuta. Nyanya zilikuwa zimejisokota kama yale maua ya mama mchungaji, na kabichi zimevimba shingo, majani yamegeuka vikombe. Tuta baada ya tuta mpaka kwenye ua. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni na blanketi, anamwita aje ale, naye anageuza jani baada ya jani. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na nilichosema ni kwamba huenda ni ile baridi.

Siku iliyofuata Nyawira alikwenda kumjulia mama yangu hali, na mama, mtu mkarimu, akampikia chai. Sasa jikoni kwa mama kulipikwa kwa kuni, na tangi lilikinga maji kutoka bati la jiko hilohilo. Chai yake ilikuwa na harufu kidogo ya moshi, harufu ambayo sisi wa nyumbani tulishaizoea hatuisikii. Nyawira aliisikia, ileile ya kikombe nilichompa bwawani. Alikunywa kikombe chote, akashukuru, akaenda zake kumtafuta mwenyekiti. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilianzia kwenye paa la mama na kuishia kwenye kikombe.

Mwenyekiti akaita mkutano bwawani bila kusema ni wa nini. Gathogo naye alikuja, amekonda, anatembea kwa fimbo. Nyawira alikuwa ameleta birika lake. Alishuka mpaka majini, akalijaza watu wote wakimwona, akaliweka kwenye mafiga. Alichochea moto mpaka likachemka. Akamimina kikombe cha bati, akanipa kwa mikono miwili kama mtu anayempa mgeni.

"Kunywa," akasema. "Nimepika na ile maji yako."

Nilikishika kikombe kile. Kilikuwa kinaniunguza vidole, na sikukiweka chini. Niliwaangalia watu, nikaangalia chai, ambayo ilikuwa imepauka na ina ukungu, chai ya bwawa hasa. Nilijua ndani yake kuna nini kwa sababu mimi ndiye niliyeweka.

"Siwezi," nikasema.

"Huwezi nini?" Gathogo akauliza.

"Siwezi kunywa."

"Kama wewe huwezi kunywa," akasema, "miche yake ilikunywaje?"

Nikaungama yote hapo: samaki, maharagwe, tangi la mama. Wengine walitaka nifukuzwe, mmoja akataka nilazimishwe ninywe, naye mwenyekiti aliudhika zaidi kwa sababu ya ile baridi aliyokuwa ameisikia. Gathogo aliinuka kwa fimbo yake. Aliiendea pampu nyekundu, akashika nozo, kidole gumba na cha shahada, robo mzunguko. Akaiweka kwenye kiganja cha Nyawira.

"Kaa nayo," akamwambia. "Utampatia siku utaona anafaa. Kama hutaona, uizike."

Mnaona basi kwamba tabia ya kuficha nozo si mimi niliyeianzisha.

Bomba likafungwa tena. Kitalu kikahitaji maji kutoka mtoni, na aliyeyaleta ni mimi, kila asubuhi, msimu mzima. Nyawira hakunikubalia punda. Nilibeba mtungi mgongoni kwa ukanda wa kichwani, kama wanavyobeba mama zetu, na njia ilipita katikati ya soko la Chaka.

"Ndiritu!" wanaume waliniita. "Umeolewa na nani?"

Kichwa kilikuwa kimebanwa na ukanda, siwezi hata kugeuka. Lakini miche mipya iliota. Nilijifunza kuinywesha kwa kopo lenye matundu, asubuhi, bila kupiga shina, na kabla ya kunywesha Nyawira alinifanya nimwagie kwanza mkebe wa maharagwe. Kila siku. Maji ya mto yenyewe! Nilipomwambia mto hauna dawa, alisema hata bwawa niliwahi kumwambia halina.

Gathogo hakupata nafuu. Alifariki kabla ya mvua kuisha, na hakuniona nikishika pampu tena. Hilo linaniuma hata sasa, na sina mzaha wa kulifunika.

Mvua ilipokwisha Nyawira alifungua pembe ya leso yake, akatoa nozo, akanipa. Hakutoa hotuba. Aliniambia nianze na fungu la upande wa matete na nisisahau kamba. Nikapiga fungu moja, nikatoa wafu, nikangoja. Siku ya chai nilichota maji wakinitazama wote, nikanywa mpaka tone la mwisho. Cha pili nikampa yeye. Mwaka uliofuata nilipeleka wazee kwa mama yake. Ndiyo, vijana, huyo Nyawira ndiye mnayemwita Cucu, na kitalu ndicho hichohicho mnakonunua miche. Mpaka leo nikimpelekea chai kitandani huuliza kwanza maji nimetoa wapi.

Kwa hivyo, Muthoni na wenzako, hili ndilo nililotaka kuwaambia. Najua dawa yenu ni mpya na mtungi wake una rangi nzuri. Kijana wa agroveti aliyewauzia hana shamba kwenye bomba letu. Mmoja asome lebo kwa sauti, mara tatu, mwingine akisikiliza pumzi zake. Gaweni bwawa mafungu matatu. Magugu yanayotoka kwa reki, yaondoeni kwa reki. Mna mikono mingi na misuli mnayoionyesha bure kwenye simu. Mashua zikichelewa sikukuu moja, Mlima hautahama. Nozo nitawapa leo jioni mkikubali.

Nilipofika hapo niliacha kalamu, nikapanda kwenye kiti, nikashusha mkebe wa majani chai ili niwe nayo tayari. Nimemwaga majani yote kwenye sinia. Nozo haimo. Nimekoroga kwa kidole, nimepuliza, nimeangalia hata chini ya kabati nikiwa nimepiga magoti kama mke wa mchungaji.

Nimemwita Cucu yenu kutoka dirishani. Yuko kitaluni. Hakugeuka, ila aligusa pembe ya leso yake, na nikaona kwamba mbele yake ukutani amepanga mikebe sita.

Basi nendeni kwake, mimi sina tena cha kuwapa. Atawakaribisha chai. Kabla hamjainywa, muulizeni maji ametoa wapi. Ni swali analolipenda sana.